Tarimbo Halii

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Leo jioni Tarimbo anaanza kuonyeshwa kwenye TV. Nimefagia saluni mara mbili. Nimefuta vumbi kwenye kibao cha nje, TARIMBO KINYOZI, SHELUI, na picha yake iliyochorwa chini ya maandishi: kashika chuma chake kwa mkono mmoja, mguu juu ya kichwa cha joka. Mchoraji alimpa vidole sita, lakini ukiwa kwenye gari havionekani.

Naandika haya kwa ajili ya wajukuu, wajue mambo yalivyokuwa. "Tarimbo wa Mlima Moto" ni kitabu nilichokisoma nikiwa kidato cha pili, nikakirudia mpaka jalada likaachia. Tarimbo hasemi sana. Haogopi. Sura ya kwanza simba anamng'ata, na yeye anamng'ata simba. Simba ndiye anayeomba radhi! Kitabu kizima halii hata mara moja. Mimi enzi zile nilikuwa mdogo kuliko wote bwenini na kila mtu alinipiga, hata waliokuwa wagonjwa. Tarimbo ndiye aliyenivusha pale.

Ndiyo maana mwanangu ataitwa Tarimbo. Miaka saba mimi na mke wangu Severina tumemngoja huyu mtoto. Kazaliwa mwezi uliopita, mzima, ana mapafu kama honi ya lori. Severina anataka aitwe Peniel. Baba mkwe, Mzee Naftali wa Kinampanda, aliposikia jina langu aliuliza kama mdogo wake ataitwa Sururu. Nikamwomba kwa heshima zote asubiri tamthilia, amwone mtu mwenyewe akija kutusalimia, ndipo aamue. Kakubali. Severina naye kakubali kwamba neno la mwisho ni la baba yake. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 16.

Nimealika mtaa mzima. Hata Calist wa chipsi, ng'ambo ya barabara. Ana TV kubwa kuliko yangu na hajaniacha nisahau hata siku moja. Leo atakaa kwangu na atajifunza.

Baadaye. Sijui nianzie wapi.

Simba katokea. Simba wa kompyuta, miguu haigusi chini, lakini simba. Tarimbo kamwona. Na Tarimbo, mwana wa Mlima Moto, kapanda mti! Kapanda mti, kakumbatia tawi, kalia. Machozi! Kamasi! "Mama, nisaidie!" Simba kachoka kungoja, kaenda zake.

Halafu Calist akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi akalie kiti cha kunyolea, na hata kunyoa hakunyoa.


Jumanne, 4 Juni

Dereva wa lori la mbao, mtu ambaye sijapata kumwona, kapunguza mwendo mbele ya kibao changu, katoa kichwa dirishani, kasema kwa sauti nyembamba: "Mama, nisaidie!" Kisha kapiga honi, kaenda zake Nzega. Habari imeshafika barabara kuu.

Leo nimetazama peke yangu, mlango umefungwa. Ni mbaya zaidi. Wamemletea punda. Kitabuni punda yupo, ndiyo, hana jina, na katika sura ya pili Tarimbo anamla kwa sababu safari ni ndefu. Kwenye TV punda anaitwa Bi Staha, anaongea, na ndiye mwenye akili! Punda ndiye anayejua njia. Punda ndiye anayepanga vita. Tarimbo anashika kamba tu, anauliza, "Sasa tufanyeje, Bi Staha?"

Mwandishi alishafariki. Hawezi kujitetea. Nimebaki mimi.

Bahati moja tu: kwa baba mkwe hakuna TV. Kuna redio na jogoo.


Jumatano, 5 Juni

Nimepata mpango! Ubaya hauko kwenye picha, uko kwenye maneno. Nitazima sauti nisimulie mwenyewe, kama wale wanaotafsiri sinema za Kihindi na Kichina kwenye mabanda ya video. Nimeazima kipaza sauti cha muuza dawa ya panya. Nimetangaza tangu asubuhi: leo ni Tarimbo wa kweli.

Watu walijaa. Sikatai.

Tatizo la kwanza: mteja mmoja kauliza kwa nini Kiswahili kinatafsiriwa kwa Kiswahili. Nikamwambia hiki ni Kiswahili cha ndani zaidi.

Tatizo la pili: picha hazikunisaidia. Tarimbo kapiga magoti, anafuta macho. Nikasema anachunguza nyayo za adui. Kamkumbatia punda. Nikasema wanapigana mieleka. Kaweka kichwa kwenye shingo ya punda, kakaa hapo muda mrefu sana. Nikasema punda ameshindwa.

Tatizo la tatu ni kile kipaza sauti. Ukiachia kitufe kinarudi kwenye maneno yake yaliyorekodiwa. Nimefika pale pa kusisimua. "Tarimbo akainua uso, akawatazama maadui zake wote, akasema..." Kidole kikateleza. "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Dawa kali hii, hafi mmoja!"

Walipiga makofi kuliko siku yoyote tangu nifungue saluni. Hayakuwa makofi ya heshima.

Ndipo Calist akaongeza sauti ya TV yake mpaka vikombe vya mama ntilie vikaanza kugongana. Mtaa mzima ukamsikia Tarimbo, kwa sauti yake mwenyewe, akisema: "Bi Staha, nimechoka kuogopa peke yangu."

Halafu mmoja kavuka barabara kwenda kwa Calist. Halafu wawili. Mwisho wakaenda wote, na mmoja nilikuwa nimemnyoa upande tu.


Ijumaa, 7 Juni

Usaliti umeingia nyumbani. Nimegundua kwamba Severina huwa anamnyonyeshea mtoto kwenye benchi la Calist kila jioni, saa ile ile. Nikamuuliza. Hakuficha. Kasema anampenda yule Tarimbo. Jana, kasema, Tarimbo alimsahau mke wake ng'ambo ya mto, akarudi kumchukua, akamwomba msamaha mbele ya jeshi zima.

Nikamweleza kwamba kitabuni ndoa ya Tarimbo ipo sura ya tisa na ni neno moja: "Akaoa." Basi. Mke hana jina wala malalamiko.

Severina kasema, "Huyu wa kwenye TV angalau anajua kusema samahani."

Nikauliza hiyo "angalau" ina maana gani. Kamhamishia mtoto titi la pili.

Balaa halijaisha. Baba mkwe kapiga simu. Kasema amevuna alizeti, anakuja kukamulia mafuta huku Shelui na atakaa kwetu mpaka ubatizo. Anafika lini? Kesho. Kasema pia ana hamu sana ya kumwona huyo Tarimbo wangu.


Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi kabisa. Dishi langu likiangalia upande mwingine, TV haionyeshi kitu. Nitamwambia baba mkwe fundi anasubiriwa kutoka Singida, naye ni mzee, hatavuka barabara kwenda kukaa na vijana wa chipsi. Siku zitapita. Mtoto atabatizwa Tarimbo. Amani.

Nilipanda juu ya paa asubuhi. Sikuukumbuka upepo wa Juni. Nililigeuza dishi vizuri, likatazama Nzega. Upepo ukaligeuza likatazama Singida. Nikalirudisha. Upepo ukaleta hasira. Nikalikumbatia, tukazunguka pamoja, kisha tukashuka pamoja.

Nimshukuru Mungu, hapo chini palikuwa na magunia ya alizeti. Hayakuwepo nilipopanda. Baba mkwe alikuwa ndiyo anashusha la mwisho kwenye bodaboda. Gunia moja likapasuka, alizeti ikamwagika uwanjani, na kuku wa majirani wakaja wakikimbia kama walioalikwa.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikiwa bado chini, dishi limenifunika tumbo.

"Marahaba," kasema. Kauliza kama hivi ndivyo tunavyopokea wageni Shelui siku hizi.

Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Severina kanifunga kitambaa. Yeye na baba yake walikuwa wakisemezana Kinyiramba kwa haraka, nikasikia jina langu, nikasikia kicheko. Nilijifanya naumwa na masikio pia.


Jumatatu, 10 Juni

Saa kumi na mbili jioni baba mkwe kavaa koti, kachukua fimbo, kasema ananyoosha miguu. Nikamwona kupitia dirishani. Alinyoosha miguu mpaka kwa Calist! Na Calist kamtolea kiti chake mwenyewe, kamfutia kwa kitambaa, kamwamkia kwa kuinama. Mnafiki! Mimi na mguu wangu tukabaki kumwona babu wa mtoto wangu akipewa chipsi.

Karudi. Kanawa mikono. Kala ugali na mlenda, tonge baada ya tonge, polepole, kama anayehesabu dhambi zangu. Nikangoja. Severina akangoja. Mwisho kafuta mdomo, kauliza:

"Yule punda anaitwa nani?"

"Bi Staha, baba," kasema Severina.

"Ana busara sana."

Nikaona hapa ndipo pa kusema ukweli. Nikamweleza, kwa adabu, kwamba kitabuni yule punda analiwa sura ya pili.

Kaacha kunywa maji. "Wanamla?"

Nikasema ndiyo, safari ilikuwa ndefu. Kaniangalia kama mafuta ya punda yalikuwa bado kwenye midomo yangu. Kisha kasema hajaamua jambo la jina, lakini mwanamume anayemsikiliza punda wake hawezi kuwa mtu mbaya. Tangu hapo ananiangalia sana ninapowapa kuku chakula.

Sielewi tena. Nilitaka ampende Tarimbo. Sasa anampenda, lakini anampenda yule ambaye siye.


Alhamisi, 13 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Mchana basi la kutoka Mwanza liliharibika karibu na maegesho ya malori, ubavuni mwa kibanda cha Calist. Fundi kasema kifaa kinatoka Singida, hakitafika leo, abiria watafute pa kulala. Abiria wakasambaa kutafuta chakula. Mmoja kaingia kwangu, mwembamba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kasalimia vizuri, kaomba kunyolewa ndevu tu. Nikampaka povu. Kavua kofia. Nikamwona kwenye kioo.

Yale macho! Ile midomo inayotetemeka kabla hata hajafikwa na jambo!

Nikachechemea mpaka mlangoni. Nikafunga komeo.

"Wewe ni Tarimbo," nikamwambia.

"Mimi ni Leonidas," kasema. "Tarimbo ni kazi tu. Samahani kaka, huo wembe ni mpya?"

Nikasema wembe ni mpya na maswali ni ya zamani. Nikamuuliza: ule mti. Kwa nini ulipanda ule mti?

Kasema, povu limemjaa kidevuni, kwamba yeye aliomba apigane na simba. Alimwomba mwongozaji wiki nzima. Lakini kompyuta yao ilikuwa haiwezi kumfanya simba aguse mtu. Akigusa tu, picha inakwama. Basi wakamwambia apande mti. Na huko juu hakuna la kufanya, ndiyo akalia.

"Na punda?"

Kasema punda alikuwepo kweli, wa kukodi, mtulivu, hana shida. Watu wakampenda. Kila sehemu ya ushujaa aliyoiomba Leonidas ikapewa punda.

Ndipo akasema jambo lililonifanya niweke wembe chini. Yeye ni mtu wa Kintinku, hapa hapa mkoani kwetu, na sasa anakwenda kumwona mama yake. Alipokuwa shule ya msingi mwalimu wao aliwasomea kile kitabu kwa sauti, kila Ijumaa, na yeye alikuwa anarudi nyumbani na mbuzi wa baba yake akiwaambia wao ni jeshi la Mlima Moto. Aliposikia amepata nafasi ya kumcheza Tarimbo, alilia kwa furaha.

Nikamwambia hiyo tabia ya kulia ndiyo aache.

"Kaka," kasema, "nilitaka niwe yule wa kitabuni. Hata mara moja tu."

Hata mara moja tu! Mpango ukaja wenyewe, mkubwa, unang'aa. Calist ana beberu. Anamlisha maganda ya viazi, kawa kama ng'ombe mfupi. Ameshamwangusha fundi baiskeli pamoja na baiskeli yake. Kesho saa kumi jioni, maegesho ya malori, mbele ya mtaa mzima na mbele ya baba mkwe, beberu atafunguka kamba kwa bahati mbaya. Tarimbo wa kweli atajitokeza, atamshika pembe, atamlaza chini, atasema maneno ya sura ya kumi na mbili: "Simba, joka, mlima, wote hulala." Kisha tutaona nani anahitaji punda.

Leonidas kasita. Nikamwahidi kuku wa kienyeji mzima na kunyoa bure. Tumefanya mazoezi mpaka jioni, mimi nikishika stuli kama pembe. Stuli kailaza vizuri mno! Ameivunja mguu mmoja. Nimefurahi sana.


Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa na harufu ya sabuni ya vyombo. Haitoki.

Habari kwamba Tarimbo yuko Shelui ilienea bila mimi kutia mkono. Saa kumi maegesho yalijaa. Madereva walikaa juu ya malori. Akina mama walileta viti. Baba mkwe mstari wa mbele, koti, fimbo. Severina kando yake, mtoto mgongoni. Leonidas kajitokeza katikati, watu wakapiga vigelegele, yeye kainua mkono, na nakiri kwamba kwa muda ule mfupi alikuwa yeye hasa. Alisimama kama kwenye kibao changu.

Mimi nilikuwa nyuma ya lori, na beberu. Nikafungua kamba. Hakwenda. Alikuwa anatafuna. Nikamsukuma. Akaendelea kutafuna. Nikampiga kofi matakoni, kofi la kirafiki.

Kageuka. Sikujua mbuzi anaweza kukukumbuka usoni.

Sehemu iliyofuata nimesimuliwa na wengine. Wanasema nilipaa. Wanasema nilitua nimekaa, ndani ya beseni kubwa la mama ntilie, kati ya sahani na sufuria, na maji yaliruka mpaka kwenye lori. Kuna watu wanadai nilipiga kelele kumwita mama. Nilikuwa na povu masikioni, siwezi kuthibitisha.

Beberu akatoka kwenye uwanja. Leonidas akasimama. Niwe mkweli, alisimama. Alipanua miguu, alinyoosha mikono kama tulivyofanya na stuli. Beberu akainamisha kichwa. Na Leonidas, mwana wa Kintinku, akageuka, akapanda lori la mbao kama mjusi, akakumbatia turubai!

Watu wakashangilia kwa nguvu. Walidhani ni mchezo! Waliijua ile sehemu, na baadhi walimsaidia kwa maneno: "Mama, nisaidie!"

Kisha kicheko kikakatika. Beberu, kwa kukosa mtu wa kumgonga, alikuwa ameelekea kwenye kibanda cha Calist. Karai la mafuta lilikuwa jikoni, linachemka, limejaa viazi. Calist alikuwa kaligeuzia mgongo, anatazama watu. Na kwenye benchi la mbele ya lile karai kulikuwa na watoto wamekaa, wanakula.

Nilitaka kusimama. Beseni lilinibana.

Severina hakupiga kelele. Nilimwona akitoka mstari wa mbele kwa hatua ndefu, mtoto wetu mgongoni, kichwa chake kidogo kinaruka ruka nje ya khanga. Kaingia kati ya beberu na benchi. Kamshika pembe zote mbili. Visigino vyake vikachimba mifereji miwili kwenye vumbi, na alikuwa anarudi nyuma, anarudi nyuma, kuelekea kwenye yale mafuta.

Miaka saba tumemngoja huyu mtoto. Sikuwaza kitabu. Sikuwaza jina.

Halafu nikasikia mtu analia kwa sauti, na hakuwa mimi. Leonidas alikuwa ameruka kutoka juu ya lori. Alikuja akikimbia na kulia, machozi yanamtiririka waziwazi, wala hafuti. Akajitupa chini, akaukumbatia mguu wa nyuma wa beberu, akaburuzwa, hakuachia. Beberu akapunguza kasi. Severina akapata pa kukanyaga. Baba mkwe akafika na mkanda wa suruali yake, akamfunga miguu. Imekwisha.

Leonidas kainuka, vumbi limechanganyika na machozi usoni. Kamwambia Severina, "Nisamehe dada, nimechelewa. Niliogopa sana."

Severina alikuwa anahema. Kageuza shingo kumwangalia mtoto. Mtoto alikuwa amelala! Kasema, "Lakini umekuja."

Watu hawakushangilia tena. Niliona madereva wawili wakijifuta pua. Hata Calist, ambaye ndipo alipokuwa ameelewa nini kilikuwa nyuma yake, aliketi chini kwenye mchanga.

Mimi hakuna aliyeniona. Isipokuwa mama ntilie. Alitaka beseni lake.


Jumapili, 16 Juni

Basi liliondoka jana asubuhi na Leonidas wake. Kapiga picha na Shelui nzima, kala kuku wangu, tena kamlia kwa Calist. Alipoaga alinikumbatia. Kasema ananishukuru. Nikamuuliza kwa lipi. Kasema alipata ile mara yake moja. Nikamwambia kitabuni hakuna mahali Tarimbo anashika mguu wa nyuma. Kacheka kama nimesema jambo zuri.

Leo ubatizo. Asubuhi, kabla ya kutoka, baba mkwe kaniita uwanjani. Kakaa kwenye stuli, ile iliyobaki na miguu miwili na nusu, akaisawazisha kwa jiwe. Kasema ameamua. Mtoto aitwe Tarimbo. Yule kijana, kasema, ana woga mwingi kama watu wote na ana miguu ya kurudi nao palipo na hatari, na yeye atafurahi mjukuu wake akiwa hivyo.

Severina kasema naye amekubali, Tarimbo ni jina zuri.

Nilishinda! Mtu mwingine angeshukuru, angevaa viatu, angekwenda kanisani.

Nikasema, haiwezekani! Mwanangu hawezi kuitwa kwa jina la mtu anayelia juu ya malori! Kama ni Tarimbo, awe wa kitabuni, na iandikwe hivyo kwenye cheti. Kama siyo, basi aitwe Peniel. Severina akasema Peniel lilikuwa jina lake yeye na nimelikataa mwezi mzima. Nikasema sasa nalichukua. Baba mkwe kageukia kuku, akawasemesha Kinyiramba kwa muda.

Tukaenda kanisani hatuongei. Mchungaji kanyanyua mkono wenye maji, kauliza jina la mtoto. "Tarimbo," wakasema Severina na baba yake. "Peniel!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka kwaya ikageuka.

Mchungaji katuangalia, mmoja mmoja. Kasema maji yanapoa. Kambatiza Peniel Tarimbo.

Mtoto kalia! Kalia kanisa zima likasikia, na nadhani na Nzega. Severina kampokea, akaanza kulia naye, baba mkwe katoa leso. Mimi nilirushiwa maji ya ubatizo machoni, yote mawili, na yalichukua muda kukauka. Severina kanishika mkono. Nikamwambia samahani. Sijui ni kwa lipi hasa, kulikuwa na mengi.

Kaniuliza nimesema nini. Nikasema sijasema kitu.


Jumatano, 19 Juni

Habari kubwa kuliko zote!

Leonidas kapiga simu kutoka Kintinku. Kumbe dereva mmoja alinirekodi Ijumaa kwa simu yake, tangu kofi la beberu mpaka beseni, na mwongozaji wa tamthilia ameiona. Ameitazama, kasema Leonidas, mara nyingi sana, na watu wote wa ofisini kwake wameitazama. Kasema anatafuta mtu wa aina hiyo kwa msimu wa pili. Anataka kumweka kinyozi!

Baadaye mwongozaji mwenyewe akanipigia. Sauti nzito, mtu aliyesoma. Kasema anaomba kutumia kisa changu na, nikikubali, jina langu kamili, Emilian wa Shelui. Nikampa masharti yangu bila woga. Kinyozi awe hodari. Asikimbie. Asilie. Asiongee ovyo. Na mwishoni ashinde yeye. Kakubali yote pale pale, hakubishana hata neno moja! Nilimsikia akicheka kidogo, nadhani kwa furaha.

Nimemwambia Severina. Kaniangalia kwa huruma fulani, kauliza kama nina uhakika. Wanawake hawaelewi mambo ya sanaa. Calist kasema atatandika mkeka na kuja mapema. Wivu umemwisha, maskini, sasa anajua ukubwa wangu.

Kilichokuwa kimebaki ni kujua nani atanicheza. Mwongozaji kanitajia. Ni yule mchekeshaji mnene, yule anayeanguka anguka, anayejulikana nchi nzima! Nimetulia kabisa. Mtu mashuhuri namna ile hawezi kukubali kucheza mjinga.